Seti Iliyomfaa Ndinda

Macho ya Mama Eleni yalipoanza kufifia, Ndinda alikuwa amemfanyia kazi ya nyumba miaka mingi, lakini walikuwa hawajawahi kuketi pamoja. Mmoja alikaa barazani kwenye kiti cha kamba, mwingine alisimama mlangoni na sinia ya chai.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya shamba la mkonge, upande wa chini wa Kibwezi. Mume wa Mama Eleni, Mgiriki aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha shamba, alikufa na kuzikwa hapohapo, na wenye shamba wakamruhusu mjane akae mpaka atakapotaka kuondoka mwenyewe. Hakuwa na mtoto. Wazungu wenzake waliokuwa wakija kunywa chai Jumapili waliuza vitu vyao baada ya uhuru na kwenda zao mmoja mmoja. Wageni waliobaki walikuwa nyani waliokuja kuiba mapapai.

Ndinda naye alikuwa amefika pale akiwa bado msichana wa kuolewa juzi. Kwao ni Kathonzweni. Mume wake, Muthama, alikuwa mtu wa reli, na alipohamishiwa Voi alipata mke mwingine huko. Hakumfukuza Ndinda. Aliacha tu kuja. Mtoto wao mmoja alichukuliwa na surua kabla hajajua kutembea, kwa hiyo hakukuwa na jambo la kumrudisha Muthama, hata la kugombania.

Kila alasiri, chai ikishaletwa, Mama Eleni alitandika kitambaa cha kijani mezani na kupanga karata juu yake. Hazikuwa karata za kuchezea, kama zile ambazo vibarua walichezea kamari siku ya mshahara. Hizi zilikuwa na mfalme, jua, mwezi, na mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja. Mama Eleni aliziangalia akinong'ona kwa Kigiriki. Ndinda alidhani ni aina ya maombi, akawa anapita polepole asimkatize.

Siku moja aliitwa.

"Ndinda! Kuja. Kaa hapa."

Ndinda aliangalia viti vya barazani, akavuta kigoda cha jikoni.

"Hii karata naona nini?" Kiswahili cha Mama Eleni kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrisha watu, na miaka yote ile hakikuwa kimeongezeka.

"Nani aone, memsabu? Wewe ama mimi?"

"Wewe. Macho yangu naisha."

Ndinda aliinama. "Kuna mwanamke. Ameshika mdomo wa simba."

"Yeye naogopa?"

"Haogopi. Amemshika kama mtu anayeangalia meno ya mbuzi sokoni."

Mama Eleni alicheka mpaka akakohoa. Ndinda alikuwa hajawahi kumsikia akicheka.

Tangu siku hiyo kigoda kilibaki barazani. Ndinda alitaja picha, Mama Eleni akasema maana yake, na baada ya muda Ndinda alizijua maana zote kwa moyo kama mtoto wa Sunday school anavyojua majina ya vitabu vya Biblia. Hakuuliza kama ni kweli. Mama Eleni hakuwa akitafuta bahati wala mali. Alikuwa akiuliza habari za watu waliokufa, na za mji mmoja wa pwani alikozaliwa, ambao ulichomwa moto akiwa mdogo na sasa ulikuwa wa Waturuki. Akiuliza, Ndinda aliangalia na kujibu. Wakati mwingine walikaa tu, mkonge umesimama mistari mistari mbele yao hadi mwisho wa macho, na hakuna aliyesema neno mpaka chai ikapoa.

Mwaka wa sabini na tano mpwa wake aliyeishi Athens alikuja kumchukua. Mama Eleni hakubishana. Wiki ile ya kufunga masanduku alimwita Ndinda barazani, akaweka mezani seti tatu za karata.

"Mimi nakupa moja," alisema. "Wewe nachagua. Hapana chagua haraka."

Ya kwanza ilikuwa ile ya kila siku. Mama yake Mama Eleni ndiye aliyekuja nayo melini wakikimbia moto, na pembe zake zilikuwa zimelika zikawa laini kama kitambaa. Karata zake kubwa zilikuwa na picha, lakini zile za namba hazikuwa na mtu hata mmoja. Vilikuwepo vikombe vitupu, fimbo, panga na sarafu, vimepangwa tu, vitatu, vinne, saba. Ya pili ilikuwa na ukingo wa dhahabu na miungu yenye vichwa vya ndege. Ya tatu mpwa alikuwa ameituma zamani kutoka Uingereza, na Mama Eleni hakuwahi kuipenda. Katika hiyo kila karata ilikuwa na watu wanaofanya kitu: mmoja amelala, mmoja amebeba mzigo, mmoja amesimama mbele ya mlango wa kanisa kwenye baridi.

"Hii ya tatu naongea mno," Mama Eleni alisema. "Mimi hapana uliza bado, yeye nasema tayari."

Ndinda alizigusa zote. Ile ya dhahabu aliirudisha mara moja, kwa sababu wale ndege walimtazama vibaya. Ile ya tatu aliifungua katikati na kuona mkulima ameegemea jembe, anaangalia mmea wake kama mtu asiyejua kama ataweza kula. Alimwangalia kwa muda. Kisha akaangalia mikono ya Mama Eleni, ambayo ilikuwa juu ya ile seti ya zamani bila mwenyewe kujua.

"Nataka hii," alisema, akiigusa.

Mama Eleni aliinua uso. "Wewe napenda karata, ama napenda mimi?"

"Karata, memsabu."

"Sawa," alisema yule mwanamke mzee, na akaisukuma ile seti taratibu juu ya kitambaa cha kijani. Kesho yake gari lilikuja. Mama Eleni aliingia akiwa amegeuza uso upande ambao si wa Ndinda, kwa sababu hakumwona alikosimama.

*

Huko kwao Kathonzweni, kaka yake Ndinda alimpa kipande cha shamba chini ya kilima, mahali pa mwisho kabla ya vichaka. Alijenga nyumba ya chumba na jiko, akapanda mbaazi na kunde, akasuka vyondo, vikapu vya mkonge, vya kuuza. Jumapili alienda kanisani na kukaa benchi la nyuma. Watu walimsalimia vizuri. Lakini alikuwa ameondoka msichana na kurudi mwanamke wa makamo, na wale wa rika lake walikuwa na watoto waliokuwa wakiwazungumzia kila saa, nani amepasi, nani ameoa, nani amepata kazi Nairobi. Yeye akifika kwenye mazungumzo, yalipungua. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hawakujua tu wamuulize nini.

Jioni alizitoa karata. Alitandaza leso mezani akazipanga kama alivyofundishwa. Ajabu ni kwamba hazikumwambia kitu. Zile za picha, sawa, aliona simba na aliona mnara unaopigwa na radi. Lakini nyingi zilizotokea zilikuwa za namba. Vikombe sita. Fimbo nne. Alivitazama vikombe na havikuwa na lolote ila vikombe, kama vimeoshwa na kupangwa jikoni kwa mtu. Kilichokuja kichwani ni sauti ya Mama Eleni: *Sita ya vikombe, mtu wa zamani narudi.* Aliisikia wazi kama yuko pale, na alipoinua macho akaona ukuta.

Hakuna aliyejua habari za karata ila mke wa kaka yake, na mke wa kaka yake hakuwa mtu wa kubaki na neno. Ndipo akaja Kavata.

Kavata alikuwa jirani wa karibu zaidi, mjane, mwimbaji mzuri kanisani. Mwanawe wa pekee, Kisilu, alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Mwanzo alituma salamu na sukari kwa watu waliokuwa wakirudi. Kisha hakuna aliyerudi akasema amemwona. Kavata alifika jua likishuka, akaketi bila kuvua shuka aliyojifunga kichwani.

"Watu wanasema yule mzungu wako alikufundisha mambo."

"Kuangalia karata tu, Mama Kisilu. Si uchawi."

"Sijasema ni uchawi. Niangalizie kijana wangu."

"Mimi nilikuwa nikimtajia mwingine picha. Sijawahi kumwangalizia mtu."

"Basi nianze mimi," Kavata alisema. "Niangalizie."

Ndinda alichanganya, akampa akate, akapanga. Zilitokea fimbo, vikombe sita, na sarafu mbili. Alizitazama kwa muda mrefu akitafuta uso wa mtu ndani yake. Kavata alikuwa akipumua kwa nguvu. Mwanamke aliyekuja na hofu kiasi kile hawezi kuambiwa kwamba vikombe ni vikombe, Ndinda aliwaza, na akafungua mdomo na kusema ile aliyoisikia.

"Mtu wa zamani anarudi."

Kavata alishika kifua. "Anarudi?"

"Karata ndivyo zinasema."

Wiki hiyo Kavata alikandika upya kibanda cha Kisilu. Aliweka nyasi mpya pale palipovuja, akanunua blanketi, akachagua jogoo wa kuchinja na kumfungia. Aliimba akifanya kazi, na sauti yake ilifika mpaka kwa Ndinda. Mvua za vuli zilikuja na kuisha. Yule jogoo alizeeka. Kavata hakuja kulalamika wala hakumsema mahali popote. Ila alianza kupita njia ya juu akienda kisimani, ile ndefu, ili asikatishe mbele ya nyumba ya Ndinda.

Ndinda alimwona kila asubuhi akipita huko juu na debe kichwani, na ndipo alipoelewa kosa lake lilikuwa wapi. Seti ile ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya mtu anayekumbuka. Mama Eleni aliona vikombe sita na nyuma yake kukawa na mama yake, nyumba, mji mzima. Ndinda hakusoma kwa kukumbuka. Alisoma kwa kuangalia. Alihitaji mtu ndani ya picha, amebeba kitu au amekaa au anakimbia, ndipo angeweza kusema jambo lake mwenyewe. Alichagua kwa sababu ya mikono iliyokuwa juu ya karata, na sasa mikono haikuwepo.

Alizifunga kwa kitambaa safi akaziweka chini ya nguo sandukuni.

*

Vyondo alivyosuka alivipeleka Emali, siku ya soko, kwa mfanyabiashara aitwaye Gicheru. Gicheru alitoka Murang'a, akawa na duka la rejareja karibu na stesheni, na kila mwezi alienda Nairobi kuleta bidhaa na kupeleka vyondo kwa Wahindi waliouzia watalii. Mke wake, Waruguru, ndiye aliyekaa dukani. Watoto wao walisomea kwa babu yao huko Murang'a, kwa sababu Gicheru alisema shule za Ukambani zina njaa.

"Unanitafutia kitu Nairobi?" Ndinda alimuuliza Gicheru siku moja. "Lakini usicheke."

"Nicheke nini? Sema."

Alimweleza. Gicheru alicheka hata hivyo, akamwonyesha rafu. "Karata ziko hapa. Tena za plastiki."

"Si za kuchezea. Zina watu. Waulize kwa maduka ya vitabu vya wazungu."

"Wewe mama, mimi mtu wa kanisa, niingie dukani niulize karata za uganga?"

"Uliza kama unauliza bei ya sabuni," mke wake alimwambia kutoka nyuma ya mizani. "Nani anakujua Nairobi?"

Ilichukua muda. Mara ya kwanza alisahau. Mara ya pili duka lilikuwa limefungwa. Mara ya tatu alirudi na seti mbili, na masharti ya mwenye duka kwamba moja irudi ikiwa safi. Ndinda alipofika siku ya soko, Waruguru alimwita stoo, wakaketi juu ya magunia ya mchele, na soko likaachwa liendelee kupiga kelele peke yake huko nje.

"Chagua," Waruguru alisema. "Mimi nataka kuona mtu anachaguaje kitu kama hiki. Kitambaa najua, unavuta na kunusa."

Ndinda mwenyewe hakuwa na hakika. Alifungua ya kwanza. Ilikuwa mpya na yenye kung'aa, rangi ya zambarau na nyekundu. Ndani yake mlikuwa na nyota, macho, miduara, maua yanayogeuka kuwa nyoka.

"Hii ni nzuri," Waruguru alisema. "Hii hata kwa ukuta unaweza kuweka."

"Ni nzuri." Ndinda alitoa karata moja akaiweka kwenye gunia. Alijipa muda. Kisha akatoa nyingine. "Nauona uzuri wake, lakini sina la kuiambia. Ni kama kukaa na mtu aliyevaa sana."

Alifungua ya pili, na kabla hajatoa hata moja akaitambua. Ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotumwa kutoka Uingereza, na rangi zake zilikuwa kali zaidi, lakini watu walikuwa walewale. Yule wa jembe alikuwepo. Hata hivyo safari hii hakutaka kuchukua kitu kwa sababu kilimkumbusha baraza ya mtu mwingine. Aliichanganya vizuri, akampa Waruguru.

"Toa moja."

"Mimi? Mimi ni wa kanisa la PCEA."

"Toa tu. Si kuuliza kitu. Najaribu kama inafanya kazi mkononi mwangu."

Waruguru alifuta mkono kwenye aproni akatoa. Ilikuwa picha ya mtu amesimama amejifunika joho jeusi, ameinamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimeanguka na kumwagika.

Ndinda alijua maana ambayo Mama Eleni angeitoa. Aliiacha. "Unaona nini, Mama Thuo?"

"Mtu amefiwa."

"Ni mwanamume ama mwanamke?"

Waruguru aliisogeza karibu na mwanga wa mlango. "Mwanamke. Anaangalia maziwa yaliyomwagika." Alisogeza kidole. "Na hajaona kwamba nyuma yake kuna vikombe viwili vimesimama. Ama ameviona, lakini viko nyuma, haviko mahali pa kushika." Sauti yake ilibadilika. "Kuna daraja huko mbali. Na nyumba. Ndinda, hiyo nyumba ni ng'ambo ya mto."

"Ni ng'ambo."

"Mwanangu Thuo alinisahau jina likizo iliyopita. Aliniita *tata*, kama anaita shangazi yake. Alicheka, akarekebisha. Lakini aliniita hivyo."

Alilia kidogo, kwa namna ya mtu wa duka, sikio likiwa mlangoni asije mteja. Ndinda hakusema maziwa yatarudi kikombeni. Alikaa naye. Alijua bila kuambiwa kwamba seti aliyoishika ndiyo, kwa sababu sauti aliyoitumia kumuuliza Waruguru ilikuwa yake mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyesema kichwani mwake.

Alilipa kwa vyondo. Ile ya nyota ilirudi Nairobi.

Baada ya hapo kila siku ya soko walikaa stoo kidogo. Waruguru alitoa karata moja, wakaitazama, wakazungumza. Mara nyingi karata ilisahaulika wakaongea habari za watoto, za mvua, za jinsi watu wa Emali walivyomwita *Mkikuyu* hata baada ya miaka yote ile kama kwamba hilo ndilo jina. Ndinda alimweleza habari za mtoto wake aliyekufa kwa surua. Alikuwa hajamtaja kwa mtu tangu amzike. Waruguru aliuliza, "Aliitwa nani?" na Ndinda akasema, "Mutindi," na jina likasikika geni mdomoni mwake.

Kisha bei ya kahawa ikapanda. Redio haikuwa na habari nyingine. Watu waliokuwa wameacha mibuni iote magugu walikuwa wakinunua malori, na baba yake Gicheru alikuwa na mibuni mingi na magoti mabovu. Gicheru aliuza duka.

"Naenda kukaa na watoto wangu," Waruguru alisema siku ya mwisho, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Ndinda hakuweza kuikasirikia. "Utakuja Murang'a."

"Nitakuja," Ndinda alisema.

Wote wawili walijua kulivyo mbali. Waruguru alitaka kutoa karata ya mwisho, lakini Gicheru alikuwa akipiga honi, na magodoro yalikuwa yamefungwa juu ya lori vibaya, ikabidi akimbie kuyashika.

*

Watu walikuja kwa Ndinda, wachache, wengine kutoka Wote na hata upande wa Tawa. Mwanamke aliyetaka kujua kama mume wake ana mwingine. Mzee aliyegombana na ndugu yake juu ya mpaka. Ndinda alitandaza leso, akawapa watoe, akawauliza wanaona nini. Hakuwaambia yatakayokuja. Waliangalia wale watu wadogo kwenye karata na, polepole, wakasema wenyewe. Yule mwanamke alisema tayari anajua jina la huyo mwingine. Yule mzee alisema jiwe la mpaka alilisogeza yeye.

Walishukuru. Baadhi yao walilia. Na hakuna aliyerudi mara ya pili. Wakikutana naye sokoni waliinamia nyanya, wakazichagua kwa bidii sana. Ndinda aliumia mwanzo, halafu akaelewa. Mtu akishasema mbele yako jambo ambalo hajawahi kujiambia, hawezi tena kukuuliza bei ya mahindi. Kama angebaki na zile karata za vikombe vitupu na kuwaambia watu kwamba wa zamani atarudi, pengine nyumba yake ingejaa.

Alijiuliza hivyo zaidi ya mara moja. Hakuzibadilisha.

Kavata alikuja mwaka wa kiangazi kikali. Alikuja asubuhi, kwa njia ya chini, debe tupu mkononi, akaliacha nje ya mlango.

"Unazo bado?"

"Si zile. Zile niliziweka."

"Kwa nini uliziweka?"

"Hazikuwa za macho yangu," Ndinda alisema. "Ile niliyokuambia ilikuwa ya mtu mwingine, mwaitu, mama yangu. Niliirudia tu."

Kavata alimtazama. Alikuwa amekonda, na vazi la kanisa alilokuwa amevaa siku ya kazi lilimning'inia mabegani. Akaketi. "Basi nipe hizi zako."

Alitoa karata moja, akaigeuza mwenyewe. Ilikuwa na vikombe vinane vimepangwa vizuri, na mtu aliyeviacha anapanda kilima na fimbo mkononi. Alikuwa amegeuza mgongo. Uso wake hauonekani.

Ndinda aliijua karata hiyo. Angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema kwamba mtu anayepanda kilima anaweza pia kukishuka.

"Unaona nini, Mama Kisilu?" aliuliza.

Kavata aliinamia ile karata. Nje kuku alikuwa akiparura karibu na debe. Alipoongea, aliongea polepole kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hakufukuzwa. Vikombe vyake vyote vimesimama. Hakuna hata kimoja kimevunjika." Aligusa ule mgongo kwa kidole. "Anaenda tu. Amekufa ama yuko hai, sijui. Lakini hageuki."

"Hageuki," Ndinda alisema.

"Mimi nimekuwa nikidhani kuna kitu nilimfanyia."

Alikaa mpaka jua likafika katikati ya sakafu. Ndinda alipika chai, Kavata akainywa. Alipoinuka alishika mkono wa Ndinda kwa mikono yake yote miwili, akaubana kwa nguvu, akachukua debe lake na kuondoka. Wiki hiyo alikifungua kibanda cha Kisilu, akatoa kitanda, na kuingiza mbuzi.

Ndinda alingoja. Alidhani labda huyu atarudi, hata kuomba moto tu. Kavata alipita njia ya chini sasa, hilo lilibadilika, na akipita aliinua mkono bila kusimama. Hakuwahi kuingia tena.

Jumapili moja mvua ikiwa imenyesha usiku, kanisa lilijaa kuliko kawaida, na Ndinda alipofika benchi la nyuma lilikuwa na wageni. Alisimama kando ya ukuta. Kavata, aliyekuwa amekaa katikati, aligeuka akamwona. Alijisogeza, akamsukuma aliyekuwa karibu naye ajisogeze pia, nafasi ya mtu mmoja mwembamba ikapatikana. Ndinda alienda akaketi. Kavata alifungua kitabu cha nyimbo, akakishika katikati yao. Waliimba, Kavata kwa sauti kubwa, Ndinda kwa sauti ya chini, bega kwa bega mpaka mwisho. Baada ya baraka Kavata alienda kusalimiana na watu wa kwaya, wakaanza kuongea habari za mbegu na nani ameanza kupanda. Ndinda alingoja kidogo mlangoni, kisha akashika njia.

Nyumbani alikuta isyo ya mahindi na kunde aliyoinjika asubuhi imekauka maji na mahindi ya chini yameshika sufuria. Alichota ya juu, ambayo haikuwa imeungua, akaitia chumvi, akatoka na sahani kukaa kizingitini. Udongo ulikuwa bado mweusi kwa maji. Kesho yake, ikiwa jua halitawaka sana, angepanda.